Korona Ikikukuta Katikati ya Mionzi

Umeshapigwa mionzi siku 12, zimebaki 13. Usiku unaamka mwili unachemka, koo linawasha, na kikohozi kikavu hakikuachi. Asubuhi ndiyo zamu yako ya mashine. Hapo wagonjwa wengi huchagua moja kati ya njia mbili. Wapo wanaobaki nyumbani kimya kimya, wakijiambia watarudi wakipona, na wiki mbili zinakatika bila mtu yeyote hospitalini kujua walipo. Wapo pia wanaomeza Panadol, wakajifuta jasho, wakaenda kukaa kwenye benchi na wenzao na kumwambia nesi kwamba hawajambo, kwa hofu ya kurudishwa nyumbani. Zote mbili ni za hatari. Ya kwanza inaipa saratani nafasi ya kujijenga upya. Ya pili inaweza kumuua aliyekaa jirani yako. Makala hii ni ya kukuonyesha njia ya tatu, wewe mgonjwa na ndugu anayekuuguza, nayo huanza na simu.

Tuelewane kwanza kwamba korona haijaondoka. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya kimataifa imekwisha. Kirusi chenyewe kinaendelea kuzunguka, kikibadilika kila baada ya muda. Kwa kijana mwenye afya, siku hizi kinaweza kupita kama mafua makali. Kwa mwenye saratani hesabu ni nyingine, kwa sababu ugonjwa wenyewe na matibabu yake hupunguza askari wa mwili. Mionzi ya nyonga, kwa mfano, hupita kwenye mifupa yenye uboho mwingi, ndiko damu inakotengenezwa, na chembe nyeupe hushuka hata kama mgonjwa hapewi dripu za kemo.

Mji wa Wuhan ulionja hayo mapema. Madaktari wa Hospitali ya Zhongnan, katika mji huo wa China, walichunguza wagonjwa 1,524 wa saratani waliopita kwao kati ya Desemba 30, 2019 na Februari 17, 2020. Waliokutwa na korona walikuwa 12, sawa na asilimia 0.79, wakati kwa mji mzima kiwango kilikuwa asilimia 0.37. Saba kati ya hao 12 walikuwa na saratani ya mapafu. Watu 12 ni wachache mno kujengea sheria, lakini madaktari hao walitoa angalizo ambalo mgonjwa wa mionzi hapaswi kulisahau: kwenda hospitali mara kwa mara ni mlango mmojawapo wa maambukizi. Na hakuna mgonjwa anayekwenda hospitali mara kwa mara kama wa mionzi. Huenda Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki.

Kwa nini siku za mionzi hazirukwi

Mionzi hukatwa vipande vidogo vya kila siku kwa makusudi. Kila kipande huua sehemu ya seli za saratani, na mapumziko ya usiku huzipa seli nzima za mwili nafasi ya kujitengeneza. Ukikatisha katikati, seli za saratani zilizobaki nazo hujitengeneza. Katika saratani za kichwa na shingo imeonekana kwamba baada ya takriban wiki nne za matibabu seli zilizosalia huanza kuongezeka kwa kasi kuliko mwanzoni, mfano wa magugu yaliyopaliliwa nusu kisha mvua ikanyesha. Ndiyo maana siku moja iliyopotea wiki ya tano ni ghali. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu kwa saratani hizo ni kwamba kila siku ya kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuidhibiti saratani pale ilipo kwa asilimia 1.4 hivi.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mpango wa kawaida ni mionzi ya nje siku 25 hivi kwa wiki tano, dripu ya kemo ya cisplatin mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Kazi yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane. Hesabu mwenyewe: mama akikaa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya korona bila mpango wowote, wiki nane zimeshaharibika.

Chuo cha Kifalme cha Wataalamu wa Radiolojia cha Uingereza huwagawa wagonjwa katika makundi matatu kwa jambo hili. Kundi la kwanza ni la saratani zinazokua haraka na zinazotibiwa kwa nia ya kuponya: za kichwa na shingo, mlango wa kizazi, umio, mapafu. Kwa hao matibabu yasirefuke zaidi ya siku mbili kupita tarehe iliyopangwa. La pili linahusu saratani zinazokwenda taratibu zaidi, kama nyingi za matiti na tezi dume; ni afadhali kuchelewa kusizidi siku mbili, na kwa vyovyote zisizidi tano. La tatu ni la mionzi ya kutuliza maumivu, ambapo kuna nafasi ya kusubiri kidogo, ingawa haifai kuzidi wiki.

Usijipange mwenyewe kwenye kundi. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujapata mafua, muulize daktari wako maswali haya kwa utulivu: “Daktari, mimi nikikosa siku mbili au tatu ina madhara gani? Mtanifidia vipi?” Fidia ipo. Siku iliyokosekana inaweza kulipwa Jumamosi, au kwa kupigwa mara mbili siku moja huku kukiwa na angalau saa sita katikati, au daktari na mwanafizikia wa hospitali wakapanga upya dozi za siku zilizobaki. Hesabu hizo wanafanya wao. Kazi yako ni kuwapa habari mapema, kwa sababu mashine zetu ni chache na foleni ni ndefu. Majirani zetu Waganda wanayajua makali yake: mashine yao pekee ya mionzi, pale Mulago, iliharibika mwaka 2016, na mpya ikaanza kazi mwaka 2018. Mahali penye mashine chache, nafasi ya Jumamosi hupewa aliyesema mapema.

Kuna swali jingine la kuuliza mwanzoni: je, kwa saratani yangu upo mpango wa siku chache? Mwezi Aprili 2020, korona ikiwa imepamba moto, yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao FAST-Forward, yakionyesha kwamba kwa wanawake wengi waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi ikiwa katika hatua za awali, mionzi ya siku tano ndani ya wiki moja haikuwa duni kuliko ile ya siku 15 kwa wiki tatu. Kwa maumivu ya saratani iliyofika kwenye mfupa, mara nyingi dozi moja kubwa inatosha kutuliza. Si kila mgonjwa anafaa mpango wa namna hiyo, na hospitali yako inaweza isiwe na vifaa vya kuufanya kwa usalama. Lakini kuuliza ni haki yako, maana kila siku unayopunguziwa ni safari moja ya daladala na benchi moja lililojaa ambalo umelikwepa.

Hatari iko nje ya chumba cha mashine

Watu huogopa chumba chenyewe. Mlango mzito, taa nyekundu, mashine inayozunguka, wewe peke yako ndani. Kwa upande wa korona hapo ndipo penye usalama zaidi: unakaa dakika chache na hakuna anayekukoholea. Na kwa kuwa wapo bado wanaowatenga wagonjwa majumbani, niliseme hili pia: mionzi ya nje haibaki mwilini. Ukitoka chumbani hubebi mionzi yoyote, na mjukuu anaweza kukaa mapajani pako.

Hatari iko kwenye benchi la kusubiria, kwenye daladala, na kwenye chumba cha kulala ulikofikia. Anza na benchi. Omba upangiwe saa maalumu na uifuate, badala ya kufika alfajiri na kusubiri hadi adhuhuri kwa kudhani kwamba anayewahi ndiye anayetangulia. Kama idara haina utaratibu wa saa, ndugu yako akae kwenye foleni akiwa amevaa barakoa, wewe ukae nje kwenye hewa, akupigie simu zamu ikikaribia. Pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, upepo wa Bahari ya Hindi uko hatua chache kutoka majengoni, na kivuli cha nje ni salama kuliko ukumbi uliofungwa madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi. Bugando, Mulago, Kenyatta, kokote uliko, tafuta baraza yenye upepo. Msindikizaji awe mmoja, na awe yuleyule kila siku ikiwezekana. Familia nzima kupokezana kusindikiza ni upendo, lakini kila mmoja anakuja na mafua ya kwake.

Kwenye daladala, kaa dirishani na ulifungue. Saa nne asubuhi kuna nafuu kuliko saa moja, kwa hiyo ukipewa uchaguzi wa zamu, chagua saa ambazo watu hawajasongamana. Bajaji ina hewa nzuri kuliko gari dogo lililofungwa vioo. Barakoa vaa muda wote wa safari, nayo ifunike pua. Ile ya hospitali ya rangi ya bluu inasaidia, na zile ngumu zinazobana vizuri usoni zinasaidia zaidi kama unaweza kupumua nazo.

Hapa niende polepole kidogo, kwa sababu barakoa na ngozi ya mionzi havipatani vizuri. Mgonjwa anayepigwa mionzi ya shingo au taya, kufikia wiki ya tatu ngozi yake huwa imekuwa nyeusi, kavu, inawasha, na pengine imeanza kuchubuka. Kamba ya barakoa inayopita nyuma ya sikio au chini ya kidevu huikwangua kila anapogeuza shingo. Tafuta barakoa yenye kamba za kufungia kisogoni, au unganisha kamba mbili za masikio kwa kipande laini cha khanga kinachopita juu zaidi ya sehemu iliyoungua. Ya kitambaa iwe ya pamba, ifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato na isuuzwe vizuri. Kitakasa mikono chenye spiriti ni cha mikono tu. Usikipake shingoni wala kifuani kwa kudhani unaua wadudu, maana kitachoma ngozi na kinaweza kufuta alama za wino ulizochorwa. Alama zile ndizo zinazowaongoza wataalamu kulenga mionzi mahali palepale kila siku. Zikianza kufifia, waambie. Usizichore upya mwenyewe kwa kalamu.

Kama unapigwa mionzi ya kichwa au shingo, kile kinyago cha plastiki unachobanwa nacho kwenye meza ya mashine ni chako peke yako, kimefinyangwa kwa uso wako na kina jina lako. Barakoa ivue pale mezani tu, mtaalamu akiwa tayari kukufunga kinyago, na uivae tena kabla hujateremka. Na kama unapumua kwa tundu la shingo baada ya upasuaji wa koo, kufunika mdomo na pua hakutoshi. Tundu nalo lifunikwe kwa kitambaa chepesi kisichozuia hewa, na anayekusaidia kulisafisha avae barakoa, kwa sababu wakati wa kunyonya makohozi matone mengi huruka.

Waliotoka mikoani hulala kwa ndugu au kwenye hosteli, vitanda vimekaribiana. Omba kitanda cha karibu na dirisha. Kama mwenzako wa chumba anakohoa, mwambie kwa heshima, “Mama, tuwaambie wauguzi asubuhi wakupime,” na usimwache ajifiche, kwa faida yenu nyote.

Dalili zinazochanganya

Huu ndio ugumu mkubwa wa jambo hili: madhara ya kawaida ya mionzi yanafanana na korona. Uchovu wa kutokuweza kunyanyua ndoo huwapata wengi kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Anayepigwa shingoni hupoteza ladha ya chakula na koo huuma, kwa hiyo kutosikia ladha kwake si dalili ya kutegemea. Anayepigwa nyonga huharisha. Aliyepigwa kifuani anaweza kupata kikohozi kikavu, homa na kukosa pumzi, mara nyingi kati ya mwezi mmoja na miezi sita baada ya kumaliza, kwa sababu mapafu yamevimba kutokana na mionzi. Hata kwenye picha ya CT, uvimbe huo na korona vinaweza kufanana, na dawa zake hazifanani.

Kwa hiyo usijipime kwa kusoma orodha za dalili. Jiulize kipi kimebadilika ghafla. Koo lililokuwa likiuma kidogo kidogo kwa wiki mbili mara nyingi ni la mionzi. Koo lililoanza jana usiku pamoja na mafua, kichwa na maumivu ya viungo, ni la kupimwa. Ulizia waliomo nyumbani: kuna anayeumwa mafua? Na ushike sana suala la homa. Mionzi ya nyonga au ya titi peke yake kwa kawaida haileti homa. Nunua kipimajoto, kiwe chako, na upime kabla ya kumeza Panadol yoyote, kwani dawa hiyo huficha homa na kumpoteza daktari njia.

Ikifika nyuzi 38 na unapewa dripu za kemo pamoja na mionzi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usiku au mchana, iwe korona au la. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu ndipo chembe nyeupe huwa chini zaidi, na maambukizi ya bakteria yanaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache. Nenda, na useme mlangoni: “Ni mgonjwa wa saratani, niko kwenye kemo na mionzi, nina homa.” Sentensi hiyo inapaswa kukutoa kwenye foleni ya kawaida. Na kwa kuwa huku kwetu homa ina majina mengi, pimwa malaria na damu kwa jumla papo hapo. Kukutwa na malaria hakuondoi uwezekano wa korona. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na daktari asiridhike na jibu la kwanza.

Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kina thamani nyumbani kwa mgonjwa, hata kama mnachanga familia mbili kukinunua. Futa rangi ya kucha au hina kwanza, pasha mkono joto, kaa umetulia dakika chache ndipo usome. Chini ya 94, piga simu hospitali. Chini ya 90, usipige simu kuuliza, nenda. Mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo inayobadilika rangi, au kuchanganyikiwa: hayo hayahitaji kifaa kukuambia.

Simu yenyewe

Namba ya idara ya mionzi iwe kwenye simu yako na ya anayekuuguza tangu siku ya kwanza. Ukiipiga, usianze na maelezo marefu. Sema hivi: “Shikamoo daktari. Naitwa fulani, namba ya faili langu ni hii. Napigwa mionzi ya shingo, jana nilimaliza siku ya 12 kati ya 25. Dripu ya mwisho nilipewa Jumanne. Tangu usiku nina homa 38.4 na kikohozi kikavu. Oksijeni ni 96. Nakuja sasa hivi. Nipitie mlango gani?” Kwa maelezo hayo, aliye upande wa pili anajua kila anachohitaji kuamua.

Kinachofuata kinategemea hali yako na hospitali yako. Utapimwa, mara nyingi pembeni na wengine. Ukikutwa na korona huku unapumua vizuri, na saratani yako ni ya kundi la kwanza, lisilosubiri, daktari anaweza kuamua uendelee, ukiwekwa mwisho wa zamu za siku: wengine wakishaondoka, unaingia na barakoa, wataalamu wakiwa wamejikinga, na meza na vifaa vinasafishwa ukitoka. Ukiambiwa uje saa kumi na mbili jioni, si kwamba umetengwa. Umelindiwa siku yako bila kuwahatarisha wengine. Dripu ya kemo mara nyingi husimamishwa hadi maambukizi yapite, hata kama mionzi inaendelea. Ukiwa na hali mbaya, unahitaji oksijeni au huwezi kulala chali, mionzi itasubiri, kwa sababu mapafu yanakuja kwanza. Hapo ndugu anayekuuguza ashike daftari: aandike tarehe kila siku iliyokosekana na jina la daktari aliyesema isubiri, na kila baada ya siku mbili apige simu kuuliza mpango wa fidia. Faili lisilofuatiliwa hulala.

Ukiwa nyumbani, dawa ambazo hupaswi kuzibadilisha mwenyewe ni muhimu kama zile unazoongezewa. Anayetumia ARV aendelee nazo. Mwenye uvimbe wa ubongo anayemeza dexamethasone asiiache ghafla, hata akisikia kwamba hushusha kinga. Mwili uliozoea dawa hiyo hupata misukosuko ikikatwa. Na asiyeitumia asiinunue dukani kwa sababu jirani alipona nayo. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, uliotoa matokeo Juni 2020, ulionyesha dexamethasone ikiokoa maisha ya wagonjwa wa korona waliohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, Paxlovid, mahali inapopatikana, huanzwa ndani ya siku tano za mwanzo wa dalili, ndiyo sababu nyingine ya kupiga simu mapema. Lakini inagongana na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za saratani, za moyo na za lehemu. Beba pakiti zote unazomeza, na za miti shamba, umwonyeshe daktari.

Nyungu, tangawizi na ngozi iliyoungua

Hakuna ushauri mgonjwa wa korona atakaopewa haraka Tanzania kama huu: piga nyungu. Tangu mwaka 2020 mvuke wa majani umekuwa tiba ya kila nyumba. Sitabishana na mtu mzima mwenye ngozi nzima anayejifukiza na kujisikia vizuri, ingawa mvuke hauui kirusi kilichokwisha kuingia kwenye seli. Kwa mgonjwa wa mionzi ya kichwa, shingo au kifua, nasema hapana, bila kuzunguka. Ngozi na utando wa ndani wa mdomo na koo vimeshaungua. Joto la mvuke huvichubua zaidi, malengelenge hufunguka, bakteria huingia, na alama za wino huyeyuka kwa jasho. Blanketi linalofunika kichwa humnyima pumzi mtu ambaye pengine oksijeni yake tayari iko chini. Na sufuria ya maji yanayochemka, mbele ya mtu aliyedhoofu na mwenye kizunguzungu, ni ajali inayosubiri kutokea.

Mchanganyiko wa tangawizi, limao, kitunguu saumu na pilipili nao huchoma vidonda vya mdomo kiasi kwamba mgonjwa anaacha kula kabisa, na kuacha kula ndiko kunakomwangusha. Mpe uji mwepesi wenye maziwa au karanga zilizosagwa laini, mtori, maji ya dafu, supu iliyopoa, kidogo kidogo kila baada ya saa moja au mbili. Asukutue kwa maji safi yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea mikate. Mwenye kisukari afuatiliwe sukari kila siku, kwani maambukizi hupandisha sukari, na dexamethasone huipandisha zaidi.

Kurudi mezani

Mwenye kinga dhaifu anaweza kuendelea kutoa kirusi kwa muda mrefu kuliko mtu mzima wa afya. Siku 10 zilizomtosha shemeji yako huenda zisikutoshe. Wengine huhitaji wiki tatu au zaidi, au kipimo cha kuthibitisha. Uamuzi wa lini uchanganyike tena na wenzako benchini ni wa daktari. Tofautisha, hata hivyo, kuchanganyika na kutibiwa. Unaweza kuwa bado hujaruhusiwa kukaa kwenye ukumbi, lakini ukaruhusiwa kulala mezani zamu ya mwisho. Uliza maswali hayo mawili kila moja peke yake.

Siku ya kurudi, kabla hujafungwa kinyago, waambie kama umepungua kilo. Uso ukisinyaa kinyago hulegea, kichwa hucheza, na mionzi inaweza kukosa shabaha. Wakati mwingine lazima kifinyangwe kingine na mpango upimwe upya. Waambie pia kama pumzi bado ni fupi unapolala chali. Hayo ni mambo wasiyoyaona kwenye faili.

Kuhusu chanjo, Tanzania ilianza kuchanja Julai 28, 2021, na wagonjwa wa saratani wengi wakajizuia kwa kuogopa kuchanganya chanjo na mionzi. Chanjo za korona zinazotumika hazina kirusi hai kinachoweza kukuambukiza, na kuwa kwenye mionzi si kizuizi. Kwa anayepewa kemo, daktari atachagua siku inayofaa kati ya dripu na dripu. Waliotolewa tezi za kwapa kwa saratani ya titi wachomwe mkono wa upande mwingine. Wenye kinga dhaifu hushauriwa kuongeza dozi, kwa hiyo aliyechanjwa mara moja miaka ile na hajarudia aulize kliniki chanjo gani ipo sasa. Wanaoishi na mgonjwa nao wachanjwe, na mwenye mafua akae chumba kingine hata kama ndiye mpishi wa nyumba.

Kama unaanza mionzi wiki hii, au unamsindikiza mzazi, mke au jirani, usisubiri kikohozi. Kabla ya zamu ya kesho, pata namba ya simu ya idara, jina la daktari anayeshika faili, na jibu la swali moja: siku ikikosekana, italipwa lini? Viandike nyuma ya kadi ya mahudhurio, na mtu mwingine mmoja nyumbani ajue kadi hiyo inakaa wapi.